Njiwa wa euro milioni 1.6 asiyeruhusiwa kuruka

Novemba 2020, njiwa jike wa miaka miwili aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Alizaliwa Berlaar, mji mdogo ulio karibu na Antwerpen nchini Ubelgiji, katika banda la mzee Gaston Van de Wouwer na mwanawe Kurt. Mnunuzi alikuwa tajiri wa China aliyejificha nyuma ya jina la bandia. Magazeti yaliishangaa bei, yakacheka kidogo, yakapita. Lililostahili kushangaza zaidi halikuandikwa sana: kwa fedha zote hizo, mnunuzi hakupata njiwa wa mbio. Alipata njiwa wa kutaga.

Akifunguliwa mlango huko China, New Kim atapaa, atazunguka mara mbili tatu, kisha ataanza safari ya kurudi Ubelgiji, na hatafika. Kwa hiyo anafungiwa. Katika mpira, klabu humsajili mshambuliaji Ijumaa na Jumapili akafunga bao. Njiwa hana usajili wa namna hiyo. Hashindani kwa ajili ya mwenye mali, hashindani hata na njiwa wenzake. Anataka kufika kwao, basi, na sisi binadamu ndio tunaosimama mlangoni na saa tukiandika dakika.

Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya fumbo la mchezo huu inafunguka, hasa swali la kwa nini majina makubwa ya mbio za njiwa ni majina ya familia: baba na wanawe, ndugu waliozeekea nyumba moja, dada anayejua kila yai limetagwa lini.

Anarudi, hapeleki

Washairi wetu wa pwani wamemtuma njiwa miaka nenda miaka rudi ampelekee salamu yule aliye mbali. Picha nzuri, lakini njiwa halisi ni mjumbe wa upande mmoja. Salamu zingefika endapo tu njiwa huyo angekuwa amefugwa nyumbani kwa mpenzi, kisha akabebwa kapuni hadi kwa mshairi.

Mwaka 1850 Paul Julius Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, aliijua siri hiyo akaifanyia biashara. Habari za soko la hisa la Paris zilifika Brussels kwa telegrafu, na telegrafu nyingine ilianzia Aachen kwenda Berlin. Katikati palikuwa na pengo. Reuter alichukua njiwa waliofugwa Aachen, akawasafirisha kwa treni hadi Brussels, na kila siku wakaachiwa wakiwa na vikaratasi vya bei. Walifika kwa muda wa kama saa mbili, treni ikihitaji zaidi ya sita. Miaka ishirini baadaye, jeshi la Prussia lilipoizingira Paris, wakazi waliwatoa njiwa wao mjini kwa maputo ya kupaa, nao wakarudi na barua zilizopigwa picha ndogo mno juu ya utando mwembamba wa filamu. Kila safari iliyofaulu ilikuwa safari ya kurudi.

Kinda huanza kulijua banda lake mara tu anapoanza kuruka, akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Wafugaji wanaotaka kumhamisha humchukua kabla hajaanza kulizunguka banda akiwa juu. Akishazunguka na kutua mara kadhaa, mambo yamekwisha, ameshapata kwao. Wapo njiwa wakubwa walioweza kuzoezwa banda jipya kwa subira nyingi, lakini hakuna mwenye akili atakayefanya jaribio hilo kwa ndege wa milioni 1.6.

Anajuaje njia? Hapa sayansi imefika mbali kwa nusu ya swali na imekwama kwenye nusu nyingine. Msafiri anahitaji dira na anahitaji ramani. Dira inajulikana vizuri. Njiwa hutumia jua akilipatanisha na saa iliyo ndani ya mwili wake. Ukimfungia chumba cha taa na kumpotosha kwa saa sita, siku ya jua ataelekea upande uliokosea kwa karibu robo ya duara. Mwaka 1971 William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba sumaku ndogo iliyobandikwa mwilini mwa njiwa humchanganya siku ya mawingu, lakini siku ya jua haimsumbui sana. Maana yake ana dira mbili, na ya pili huamka ya kwanza ikizimika.

Ramani ndiyo yenye ugomvi. Dira haikusaidii kitu kama hujui uko wapi. Mwaka 1972 Floriano Papi na wenzake wa Italia walitoa dai lililochekesha wengi, kwamba njiwa hunusa njia: hujifunza bandani upepo wa upande gani huleta harufu gani. Njiwa wao waliokatwa mshipa wa kunusa walishindwa kurudi. Wengine waliamini kuwa kuna chembe za chuma mdomoni zinazopima nguvu ya sumaku ya dunia, mpaka mwaka 2012 ilipobainika kwamba chembe zile zilikuwa za kinga ya mwili tu. Wapo pia wanaosema njiwa husikia ngurumo za chini kabisa ambazo sikio letu halizipati. Hao hutaja msiba wa Juni 1997, njiwa wapatao 60,000 wa Uingereza walipoachiwa Nantes, Ufaransa, na wengi wao wasionekane tena. Maelezo mojawapo ni kwamba walikatiza njia ya Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kasi kuliko sauti, na mshindo wake. Karibu na nyumbani mambo ni mepesi zaidi: vifaa vya kufuatilia mwendo vilivyofungwa mgongoni na watafiti wa Oxford vilionyesha njiwa wakifuata barabara kuu na kukata kona kwenye makutano kama madereva.

Kwa mfugaji, mabishano hayo yana tafsiri moja tu. Kipaji kinachoshindaniwa hakionekani kwa macho. Wapo wanaoshika kioo cha kukuza na kuchungulia duara za jicho la njiwa, wakadai wanasoma humo ushindi wa kesho. Kuna vitabu vizima juu ya jambo hilo. Mimi nayaweka kwenye kapu moja na kusoma viganja. Njia iliyothibitika ni moja, mtie kapuni, mpeleke mbali, ungoje.

Umbali si kitu kimoja

Msomaji mgeni husikia “mbio za njiwa” akadhani ni mchezo mmoja. Wabelgiji wanautenganisha kwa umbali, na kila ngazi ina mabingwa wake. Kuna mbio fupi za kilomita mia na kitu, ambazo njiwa humaliza kabla ya chai ya saa nne. Kuna za kati, hadi kama kilomita 500 au 600. New Kim alikuwa bingwa wa taifa wa ngazi ya juu ya hizo mwaka 2018. Kuna ndefu za siku moja. Halafu kuna zile ndefu kupita zote, ambazo njiwa wengi hulala njiani.

Kutojua tofauti hii kumewatia watu wengi hasara, na mfano wake bora ni familia mashuhuri kuliko zote, akina Janssen wa Arendonk. Baba yao, Henri, alianza kufuga mwishoni mwa karne ya 19. Wanawe waliendelea katika nyumba ileile ya mtaa wa Schoolstraat, kadhaa wao bila kuoa, dada yao Irma akitunza nyumba na mara nyingi akizuia wageni mlangoni. Watu walitoka Ujerumani, Uingereza, Marekani, Japani na Taiwan kuja kuomba wauziwe kinda. Louis, wa mwisho wao, alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 100. Leo ni vigumu kupata banda la maana Ulaya lisilo na tone la damu ya Janssen. Lakini akina Janssen wenyewe walijenga jina katika mbio fupi na za kati. Aliyenunua kwao akawapeleka njiwa moja kwa moja kwenye kilomita elfu moja alikuwa akimpeleka mkimbiaji wa mita mia kwenye marathoni, na huenda asingemwona tena.

Mbio za masafa marefu zilikuwa na nyumba zake nyingine. Uholanzi ilikuwa na Jan Aarden wa Steenbergen, ambaye njiwa wake, kupitia majirani zake akina Van der Wegen, baba na wana, walienea nchi nzima. Ubelgiji ilikuwa na Maurice Delbar wa Ronse na Alois Stichelbaut wa Lauwe. Hawa walitafuta ndege wa tabia tofauti kabisa. Hakuhitaji kuwa mwepesi wa kuondoka kapuni. Alihitaji kuwa mtulivu ndani ya kapu kwa siku kadhaa, kula na kunywa safarini bila kinyongo, kuruka saa kumi na nne au zaidi, na jua likizama atafute mti au paa, alale, aamke peke yake alfajiri na kuendelea.

Kipimo chao cha juu ni Barcelona. Mapema Julai kila mwaka, malori hupeleka maelfu ya njiwa wa Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza hadi Hispania, nao huachiwa pamoja asubuhi. Wanavuka upande wa milima ya Pyrenees, kisha Ufaransa yote kutoka kusini hadi kaskazini, mara nyingi katika joto kali. Mbelgiji ana zaidi ya kilomita 1,000 hadi nyumbani. Mholanzi wa kaskazini anaweza kuwa na zaidi ya 1,200. Mwaka wa upepo mzuri wachache hufika jioni ileile, na miaka mingine washindi hufika kesho yake. Wengine hufika baada ya wiki wakitembea, mabawa yamechoka. Wengine hawafiki, kwa sababu ya mwewe, nyaya za umeme, radi, au kuchoka tu. Mashirika ya kutetea wanyama hayawapendi wafugaji kwa sababu hiyo, na sidhani kwamba yanawaonea.

Kwa nini lazima iwe ukoo

Fanya hesabu ya umri. Jozi hupandishwa mwishoni mwa majira ya baridi. Jike hutaga mayai mawili, dume na jike huyaatamia kwa zamu kwa siku 17 au 18, na makinda hulishwa maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye gole la wazazi wote wawili. Mwaka wa kwanza kinda hupewa safari fupi za kujifunza. Mwaka wa pili hupelekwa kilomita mia tano, mia sita. Barcelona huiona akiwa na miaka miwili kamili au zaidi, na wengi hufikia kilele wakiwa na mitatu au minne. Kwa hiyo mfugaji aliyepandisha jozi leo atajua baada ya miaka mitatu au minne kama alipatia. Akitaka kujua kama watoto wa bingwa nao ni mabingwa, aongeze mingine mitatu au minne. Katika maisha ya kazi ya miaka arobaini, mtu mmoja anapata nafasi kumi hivi za kujifunza kutokana na makosa yake.

Hapo ndipo familia inapoishinda pesa. Mtoto aliyekua akifagia banda la baba yake anaanza pale baba alipofikia. Anamjua babu wa njiwa huyu kwa sura, anakumbuka kwamba upande ule wa ukoo huharibikiwa siku za upepo wa mbele, na kwamba majike wa jozi fulani hurudi vizuri wakiwa na kinda changa. Daftari husaidia, lakini mengi ya hayo hayaandikwi.

Kazi yenyewe ya kuzalisha huzungumzwa kama uchawi, nayo ni rahisi kueleza na ngumu kuitenda. Ukipata njiwa wawili watatu wa ajabu, unapandisha ndani ya ukoo wao: babu kwa mjukuu, ndugu wa mzazi mmoja. Hivyo unakaza sifa zilezile kizazi baada ya kizazi. Gharama yake ni kwamba kasoro nazo zinakazwa. Mayai hayaanguliwi, makinda huwa wadogo na wagonjwa. Wakati ukifika inabidi umwingize mgeni mmoja mwenye damu tofauti kabisa, na watoto wa mchanganyiko huo mara nyingi ndio wanaoshinda. Kizungumkuti ni kumchagua huyo mgeni, kwa kuwa akiwa mbaya atachafua kazi ya miaka thelathini. Akina Janssen waliingiza wageni wachache mno. Mmojawapo, Halve Fabry, nusu ya damu yake ikiwa ya mfugaji Fabry wa Liège, hutajwa hadi leo kana kwamba ni mkwe aliyeokoa nyumba.

Jozi ya thamani hairuhusiwi kupoteza muda kulea. Mayai yake huhamishiwa chini ya jozi ya kawaida, nayo hutaga tena. Kutokana na makinda wengi wa mwaka, wachache tu hubaki baada ya misimu miwili. Wengine hupotea kwenye mazoezi, na waliorudi lakini wakachelewa hupunguzwa. Nisipambe maneno: katika nyumba za zamani za Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, kupunguzwa kulimaanisha supu. Wafugaji mashuhuri hawakuwa na jicho la ajabu kuliko wengine. Walikuwa wagumu zaidi wa kumsamehe ndege mzuri asiyefanya kazi. Kwa watu wetu wanaofuga njiwa manga kwa kuwapendea sauti na manyoya, huu ni upande wa mchezo usiopendeza.

Tajiri anayenunua mabingwa kumi kutoka nyumba kumi anapata majina kumi na ukoo sifuri. Watoto wa njiwa hao hawafanani, na hajui wa kumlaumu matokeo yakiwa mabaya. Kuna walioweza, hasa Uchina na Taiwan, lakini nao walifaulu walipotulia na damu moja kwa miaka, wakawa familia ya namna yao.

Hamu ya kurudi

Damu peke yake haimrudishi njiwa upesi. Njia iliyotawala mbio za kati Ubelgiji ni ujane wa makusudi. Dume hutenganishwa na jike wake wiki nzima, huonyeshwa kwa dakika chache kabla ya kutiwa kapuni, na akirudi humkuta anamngoja. Hurudi kama mshale. Lakini moto huo huwaka upesi na huzima upesi, na dume mwenye wahaka anaweza kujichosha akiwa bado kapuni. Kwa Barcelona wafugaji wengi, hasa wa Uholanzi, hupendelea kiota. Njiwa hupelekwa akiwa ameatamia siku kadhaa, au ameacha kinda wa siku chache, na jike mwenye kinda changa ni mshindani wa kuogopwa.

Chakula nacho hupangwa kwa umbali. Ndege wa masafa marefu huchoma mafuta ya mwili, kwa hiyo siku za mwisho mfugaji hupunguza shayiri na kuongeza mahindi, alizeti na karanga. Naam, karanga hizihizi zetu.

Aliyetangulia kufika anaweza kushindwa

Hili huwachanganya watazamaji kuliko yote. Hakuna mstari mmoja wa kumalizia; kila banda ni mwisho wa mbio, na kila banda lina umbali wake uliopimwa kwa usahihi kutoka mahali pa kuachiwa. Anayeshinda ni mwenye wastani mkubwa wa mita kwa dakika.

Tuseme njiwa wameachiwa saa 12:30 asubuhi. Wa kwanza anafika saa 2:50 usiku, wakati wa kiangazi huko jua likiwa halijatua vizuri, kwenye banda lililo kilomita 1,050. Ametumia dakika 860, sawa na mita 1,221 kwa dakika. Wa pili anafika saa 3:35, dakika 45 nyuma yake, lakini banda lake liko kilomita 1,120. Dakika 905, mita 1,238. Huyu wa pili ndiye mshindi. Wakilala njiani, saa za giza zilizowekwa na waandaaji huondolewa kwenye hesabu ili asiadhibiwe aliyelala.

Haki hiyo ina mipaka. Upepo ukivuma kutoka magharibi, kundi zima husukumwa mashariki na mabanda ya huko hupata bahati. Wafugaji wanaweza kubishana juu ya upepo hadi usiku wa manane, na sijui mchezo mwingine ambao walioshindwa wana kisingizio kizuri hivyo.

Na penye hesabu na fedha, udanganyifu haukosekani. Zamani njiwa alivalishwa pete ya mpira ambayo mfugaji aliivua na kuitia kwenye saa maalumu yenye lakiri. Leo chipu mguuni husomwa yenyewe anapoingia. Mwaka 2013 sampuli za njiwa wa Ubelgiji zilizopimwa Afrika Kusini zilikutwa na dawa za maumivu, na moja ilikuwa na kokeini. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Shanghai. Wanaume wawili waliwafundisha njiwa wao kuwa na makwao mawili, moja Shanghai na jingine karibu na Shangqiu, mahali pa kuachiwa. Mbio zilipoanza, njiwa walitua kwenye makao ya karibu, wakakamatwa, wakapanda treni ya mwendo kasi wakiwa ndani ya maboksi ya maziwa, na “wakashinda”. Mwendo wao ulikuwa mkubwa mno kuaminika. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 2018.

Kuna jibu jingine, la halali, kwa tatizo la mwenye fedha asiye na banda la baba yake. Tangu miaka ya 1990, Afrika Kusini imekuwa na mbio za zawadi kubwa ambazo wafugaji wa nchi mbalimbali hupeleka makinda wachanga kabla hawajapata kwao. Wote huwekwa banda moja, mikononi mwa mkufunzi mmoja, chakula kimoja, mazoezi mamoja, na siku ya mbio wote hurudi kwenye mlango uleule. Hapo hakuna hesabu ya mita wala mabishano ya upepo. Anayetangulia ndiye mshindi. Banda, kiota na jicho la mwenyewe vimeondolewa kwenye mizani, ikabaki damu. Mfugaji anakaa bara jingine akitazama orodha ya waliofika ikijisasisha kwenye simu. Akina Janssen, waliokuwa wakitoa viti uani na kutazama angani upande wa kusini, wangeuliza raha yake iko wapi.